Viatu vya Ahas

Mama alikuwa ameshika kisu nilipomwacha, nywele zake zimefumuliwa mpaka mapajani. Kwetu Walenape, wenyeji wa misitu ya Amerika, mwanamke hukata nywele mwanawe akifa. Alikwisha kuzikata mara moja, risasi ya Waingereza ilipomuua kaka yangu, Ahas.

Msimu uleule nilimletea mama mateka, askari wao mmoja. Ilikuwa juu yake kumuua au kumchukua awe mwanawe badala ya aliyekufa. Akampeleka mtoni, wanawake wakamsugua mpaka Uingereza ikamtoka, akaibuka majini na jina la Ahas. Tangu hapo hakuna aliyesema kaka alikufa. Kwa miaka mingi tuligombana, tukacheka, tukaota moto mmoja, nami nikasahau.

Sasa jeshi lao lilitaka mateka wote warudishwe, la sivyo lichome mahindi yetu. Wazee wakakubali. Nikampeleka mwenyewe. Sikuhisi kitu, miguu tu ilikwenda.

"Huyu nani?" mkalimani wao aliniuliza.

"Kaka yangu."

"Acha utani, bwana! Kaka yako ana madoadoa usoni kama yai la kware?"

"Amefanana na mama."

Jeshi lilipoondoka nililifuata, kama wengi wetu waliowawindia ndugu zao njiani. Mama ndiye aliyenituma. "Kamwindie," alisema. "Ukirudi uniambie kama bado ni mwanangu, nijue la kufanya na kisu hiki."

Kwenye kambi ya mwisho, mbele ya ngome wasikoturuhusu kuingia, Ahas alitoka amevaa koti jekundu la askari wao, nywele zimenyolewa.

"Kaka, nimekuletea paja la kulungu."

Alinitazama kama mtu anavyotazama mvua. Akamwambia mlinzi neno kwa Kiingereza, wakacheka wote wawili. Akachukua nyama bila kunigusa mkono, akageuka, na hapo ndipo nilipoiona miguu yake.

Nilimkuta mama palepale, na kisu chake.

"Amekula?"

"Nimempa nyama."

"Amesema nini?"

"Palikuwa na kelele, mama. Watu wengi."

"Usinizungushe, wewe."

"Amevaa viatu ulivyomshonea."

Nilijua mama anajua kwamba nimemletea nusu ya habari. Kisha akakisukuma kisu chini ya mkeka, akaanza kusuka nywele zake polepole.

"Vitatoboka kabla theluji haijayeyuka," alisema. "Nitafutie ngozi."