Nyayo Zilizofutwa kwa Reki

Kwa asubuhi ya nne mfululizo Leonsi alikuwa mtu wa kwanza kufika ufukweni. Alichukua reki aliyoificha nyuma ya vyoo vipya, akaanza kufuta nyayo. Zilikuwa kubwa kama sahani za pilau, zenye vidole vinne vinne, na kando yake zilifuatana nyingine ndogo, za mtoto. Zilitoka upande wa mashamba, zikapita kati ya bembea na vimbweta, zikashuka kwenye mteremko wa zege waliojengewa wageni, zikaishia majini. Alisawazisha mchanga, akazoa kinyesi kwa koleo, akakitupa matete yalikokuwa mazito. Mlima Kwaraa ulipoanza kuonekana, ufukwe ulikuwa umetulia kama ukurasa wa daftari jipya. Yeye hakutulia.

“Bosi, hiyo reki utaioa,” alisema Damasi, fundi mwashi, alipofika na kumkuta anatokwa jasho. “Mradi haujakabidhiwa, wewe umeshaanza kufagia!”

“Usafi si dhambi,” alijibu Leonsi, akageuka upande asionekane uso.

Mji ulikuwa umekua, na watu wa Maisaka na Sigino hawakuwa na mahali pa kukaa na watoto wao Jumapili ila juu ya mawe, karibu na mitumbwi. Sasa wangepata ufukwe wao, wenye vivuli, taa za sola na ukuta wa mawe uliofika kiunoni, ukitenganisha ziwa na bustani. Leonsi ndiye aliyeusimamia ukuta huo kwa niaba ya mkandarasi. Alikuwa mtu wa Manyoni, mzaliwa wa nchi kavu, na alipenda kazi iliyonyooka. Mwezi Juni, walipokuwa wakipima, alikuta kati ya matete shimo refu lililochimbika hadi magotini, likielekea majini. Akaandika katika kitabu cha kazi: mfereji wa maji ya mvua, umefukiwa. Wakajaza kifusi, ukuta ukapita juu yake.

Mama Otilia, aliyelima kabichi jirani na pale, alikuwa amemwonya siku ileile. “Fundi, hapo ni njia ya viboko. Bibi yangu aliwakuta wanaipita.”

“Mama, viboko wana ziwa zima,” alisema Leonsi, akacheka, na vijana wa zege wakacheka naye.

Kicheko hicho ndicho kilichomkosesha usingizi. Ukuta mzima ulikuwa na uwazi mmoja tu, mteremko wa wageni, na viboko, walipokuta njia yao imezibwa, walikuwa wameuona.

Asubuhi hiyo ya nne, Alhamisi, Mama Otilia alikuwa amesimama kando ya kabichi zake, jembe begani, akimtazama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Leo wamepita wangapi?”

Leonsi aliishika reki kwa mikono miwili. “Akina nani, mama?”

“Mimi ni mzee, si kipofu. Mama na mwanawe. Mwenye mtoto ndiye mbaya kuliko wote. Anarudi majini kunapopambazuka, na akikuta mtu amesimama kati yake na maji, haulizi jina.” Akaanza kuondoka, kisha akageuka. “Unafuta nyayo, fundi. Miguu je, utaifuta?”

Leonsi alijipa moyo kwamba Jumamosi, siku ya kukabidhi mradi, wageni wangekuja jua likiwa limepanda. Baada ya kukabidhi, pangewekwa mlinzi, pangewekwa kibao. Moyo huo ulidumu hadi saa nane mchana, alipopigiwa simu na Mwalimu Dorika, aliyefundisha kwaya ya shule.

“Mgeni rasmi anafika saa tatu Jumamosi,” alisema mwalimu. “Kwa hiyo nitawaleta watoto saa kumi na mbili alfajiri wafanye mazoezi. Ni arobaini. Nitawapanga pale kwenye mteremko, ziwa liwe nyuma yao. Patapendeza, au vipi?”

“Patapendeza,” alisema Leonsi, akakata simu.

Alizunguka ukuta mara tatu. Angeweza kumwambia mwalimu abadili saa. Na Jumapili, atakapokuja mama fulani wa mjini na watoto wake mapema kuliona jua? Jioni alimpigia Mhandisi Luqmani, mkubwa wake, akasema yote: mfereji ambao haukuwa mfereji, nyayo, reki.

“Siku nne unaficha,” alisema Luqmani. “Sasa sikiliza. Ukuta usiguswe kabla ya kukabidhi. Tafuta walinzi wawili wenye marungu.”

“Marungu, Mhandisi? Kwa kiboko?”

“Nimeshasema.”

Ijumaa asubuhi Leonsi hakushika reki. Alimwita Damasi, akapima kwa kamba mita nne juu ya kifusi cha Juni, akachora mistari miwili kwa chaki.

“Bomoa hapa.”

“Bosi, umelala vizuri?”

“Sijalala. Bomoa.”

Akaishika nyundo kubwa yeye mwenyewe. Pigo la kwanza halikutoa hata jiwe, maana ukuta alikuwa ameujenga vizuri. Kufikia saa kumi walikuwa wamefungua pengo, wamezoa kifusi, na shimo la zamani limeonekana tena. Mteremko wa wageni wangeuziba usiku, viboko wakishakwenda malishoni, kwa magogo na mapipa yaliyojaa mawe.

Luqmani alifika jua likielekea kuzama. Alilitazama pengo bila kushuka kwenye gari. “Kesho nisikuone hapa,” alisema.

“Utaniona asubuhi, Mhandisi. Baada ya hapo nitaondoka.”

Jumamosi alfajiri Mama Otilia aliwazuia watoto barabarani, mbali, kama alivyoombwa. Mwalimu Dorika alikuwa amenuna. Leonsi alisimama juu ya tangi la maji. Viboko walitokea mashambani, mama mbele. Mama akaenda moja kwa moja hadi mteremkoni. Akasimama. Akalisukuma pipa moja kwa pua, likayumba. Mtoto ndiye aliyechoka kungoja. Alitembea kando ya ukuta, akanusanusa mawe yaliyovunjika, akaingia pengoni. Mama akageuka kumfuata hadi majini.

Maji yalipotulia, watoto walikuja, wakapangwa kwenye nyasi, wakaanza kuimba. Gari la Luqmani lilipiga honi getini. Pale pengoni nyayo zilikuwa mbichi, kubwa na ndogo. Leonsi alishuka kwenye tangi, akaipita reki pale ilipoegemezwa, akaenda kumpokea, ili wakaziangalie pamoja.