Tarehe ya Kujifungua ya Mama Ismael

Jumatatu hiyo ya Aprili, kabla ya kumwita mtu wa kwanza, Sista Aluoch alikigongagonga kipanya mezani mpaka kompyuta ikaamka. Nje, kina mama kumi na wanane walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya kituo cha afya, wamejifunika leso kwa sababu ya baridi ya asubuhi ya Keroka. Mfumo mpya wa kuandikisha wagonjwa ulikuwa na wiki mbili. Walioutengeneza walisema utampunguzia muuguzi kazi, na kweli kazi moja ulikuwa umempunguzia: hakuwa tena na nafasi ya kumtazama mgonjwa usoni.

Wa kwanza alikuwa Ruqiya, muuza vitambaa karibu na soko, ambaye kila mtu alimwita Mama Ismael. Mimba yake ilikuwa ya wiki tisa, na angejifungua tarehe kumi na nne Novemba. Orodha ya miaka kwenye mfumo ilianza na mwaka ujao, kwa herufi nene. Mwaka huu ulikuwa chini yake, mdogo, wa kijivu. Kidole cha Aluoch kikabonyeza wa juu. Alipotanabahi alikuwa ameshahifadhi.

"Tarehe iliyohifadhiwa haibadilishwi," mfumo ukaandika. "Wasiliana na msimamizi."

Aluoch akaandika tarehe ya kweli kwa kalamu kwenye kijitabu cha kliniki, akamrudishia mwenyewe, asimwambie kitu. Lakini mtoto alifuata ile ya mfumo.

Tumbo lilikua kama kawaida hadi mwisho wa Oktoba, likasimama hapo. Tarehe kumi na nne Novemba ikafika, ikapita. Desemba ikaingia. Aluoch alimpima kila wiki: kichwa kimeshuka, maji yapo, moyo unapiga mara mia na arobaini kwa dakika. Mtoto hakuwa na shida yoyote. Alikuwa anangoja.

Akamwandikia barua ya rufaa. Katika hospitali moja mjini Kisii walimtundikia dripu ya kuanzisha uchungu kwa siku mbili, uchungu usije. Walipotaka kumpasua, mfumo ukakataa kumpangia siku, maana kwa hesabu yake mimba hiyo ilikuwa bado haijatungwa. Alipopita dirisha la dawa kuchukua vidonge vya kuongeza damu, akaambiwa vidonge hivyo ni vya wajawazito. Akarudi Keroka mikono mitupu, ameshikilia kiuno.

Januari Aluoch alishindwa kunyamaza zaidi. Alifunga mlango.

"Mama Ismael, ni mimi," alisema. "Tarehe ya mtoto niliiandikia mwaka ambao si wake. Kidole kiliteleza."

Ruqiya aliitazama miguu yake, iliyokuwa imevimba ikafuta vifundo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku hiyo."

"Na ulikuwa unanipima tu, ukiniambia mtoto yuko sawa."

"Mtoto yuko sawa."

"Mimi siko sawa, Sista," Ruqiya alisema. Aliinuka kwa kushika meza, akatoka bila kuaga. Wiki iliyofuata alirudi, kwa sababu hakuwa na kwingine, akapanda kitandani na kuangalia ukutani.

Aluoch alipiga simu kwa msimamizi wa mfumo kila siku ya kazi. Kila siku alipewa namba ya malalamiko, naye akaziandika nyuma ya kalenda mpaka kalenda ikajaa. Ombui, mkuu wa kituo, alimwambia kwa upole, "Sista, mambo ya mfumo tuwaachie wenye mfumo."

"Tumbo nalo tumwachie nani?" Aluoch aliuliza. Ombui alikuwa ameshageuka kwenda kwenye mkutano.

Katikati ya Februari mfumo ulikubali kwamba Ruqiya ana mimba ya wiki moja. Ukaanza kumtumia ujumbe kwenye simu. "Hongera, mama! Sasa mtoto wako ni mkubwa kama punje ya harage." Siku alipousoma huo, mtoto alirusha teke lililoangusha chupa ya chai kutoka mapajani mwake. Ruqiya alikuwa akipima vitambaa akiwa amekaa. Watu wa soko walikuwa wamezoea. Walimwuliza hali yake, kisha wakauliza bei.

Juni mtoto alianza kusema, mle mle tumboni. Neno lake la kwanza lilikuwa "maji". Baadaye, kwa kuwasikia wateja, alijifunza kusema "bwakire", na wamama waliokuja kununua vitambaa asubuhi waliitikia salamu hiyo ya Kikisii wakiendelea kuchagua rangi.

Agosti alikuja mmoja wa watengenezaji, jina lake Angwenyi, mzaliwa wa Nyanchwa, kijana mwenye adabu. Alitaka kusikia maoni ili mfumo uwe rafiki zaidi kwa wauguzi na wagonjwa. Aluoch alimketisha Ruqiya mbele yake.

"Bwakire," mtoto alisema.

"Bwakire buya," Angwenyi akajibu, akaandika kwenye kishikwambi chake. Alisikiliza kisa chote, na uso wake ulionyesha uchungu wa kweli. "Hili ni kosa letu, Sista. Orodha ile imekaa vibaya."

"Basi badilisha tarehe yake."

"Ripoti za mwaka jana zilishafungwa. Nikigusa tarehe moja, hesabu za kaunti nzima zinayumba."

"Na mgongo wangu je?" Ruqiya aliuliza.

Angwenyi akaliandika na hilo. Baada ya wiki mbili mfumo ulipata rangi ya kijani isiyoumiza macho, na kwenye ukurasa wa kwanza picha ya mama anayecheka.

Tarehe kumi na nne Novemba, saa nne asubuhi, Ruqiya alijifungua msichana. Uchungu ulichukua siku nzima iliyotangulia, na Aluoch hakutaka kuikumbuka damu aliyopoteza mama huyo. Mtoto alikuwa na meno manane. Alikatwa kitovu, akateremka kitandani, akaenda mwenyewe kwenye mizani. Kilo kumi na nusu. Walimwita Mariam.

Aluoch akaandika 10.5. Mstari mwekundu ukatokea: "Uzito si sahihi. Mwisho ni 6.0."

"Andika hiyo sita, tumalize," Ombui alisema kutoka mlangoni. "Foleni imefika barabarani."

Aluoch aliweka mkono kwenye kibodi. Akamtazama mtoto aliyekuwa amesimama akishika vazi la mamake, mapaja yamejaa vizuri. Akauondoa mkono.

"Usiandike, Sista," Ruqiya alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu Januari.

Bila uzito mfumo haukutoa namba ya kuzaliwa, wala haukumfungulia mgonjwa mwingine. Aluoch akatoa daftari kabatini, akachukua kalamu, akamwita anayefuata.

Mariam sasa anasoma chekechea, na mwalimu mkuu anadai cheti chake cha kuzaliwa. Kila mwanzo wa mwezi Ruqiya hufunga duka, hupanda hadi kituoni, na Aluoch hufunua kitambaa kinachofunika ile kompyuta, akasoma, akakirudisha.

"Bado, Mama Ismael."

"Haya," Ruqiya husema, na kumshika mkono binti yake, ambaye serikali bado inasubiri azaliwe.