Pistoni ya Luciana

Guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, aliloachiwa Luciana na marehemu mumewe lilishindwa kupanda kilima cha Kiomboi hata na magunia matatu ya alizeti. Akataka kuliwekea silinda na pistoni kubwa zaidi. Shemeji yake Amosi, ambaye tangu msiba hajaleta hata lita ya petroli, alicheka. "Injini ni ya fundi, siyo ya mjane."

Lakini Luciana ndiye aliyekuwa akimshikia mumewe spana miaka yote. Akaifungua injini mwenyewe, akafunga silinda na pistoni alizonunua, zile za zamani akaziweka kando.

Wiki ile ile guta lilipanda na magunia manane. Jumapili Amosi akaja na wazee wa ukoo.

"Shemeji, hii ni mali ya kaka."

Luciana aliwaamkia wazee shikamoo, akachukua spana na ile pistoni ya zamani, akachuchumaa kando ya injini.

"Mali ya kaka yako ilikuwa haipandi kilima. Kaa hapo nikurudishie."