Mguu Uliopiga Nne

Mjomba alikuwa na tabia ya kurusha vijiti vya dramu. Wala hakuwa anarusha ovyo, alikuwa analenga. Mara ya kwanza nilipoona, mpiga gitaa wetu, tuliyemwita Fundi kwa sababu mchana alikuwa anachomelea mageti, alichelewa kuingia kwa pigo moja tu. Kijiti kikampata juu ya jicho, damu ikachuruzika hadi kwenye nyuzi. Fundi akajifuta kwa mkono wa shati, akauliza, "Tuanzie wapi?" Ndivyo tulivyokuwa. Ukiona mtu amepasuliwa nyusi halafu anauliza tuanzie wapi, ujue hiyo si bendi tena, ni ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe unaitwa roki ya progresivu. Kwa asiyeujua, ni muziki wenye nyimbo ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi, na zinageuka katikati mara tatu, msikilizaji hajui apige makofi saa ngapi. Mjomba, ambaye ni mdogo wa mwisho wa mama yetu, aliuokota ujanani kwenye santuri za Genesis, Yes na King Crimson alizoachiwa na bosi aliyekuwa akimwendeshea gari. Tangu hapo, muziki mwingine wote kwake ukawa kelele za kuuzia sabuni. Alijifundisha dramu, akamfundisha mdogo wangu kinanda, na mimi akanipa besi kwa kuwa, alisema, nina mikono ya mwanamume. Sikukasirika. Ni kweli ninayo.

Mdogo wangu tulimwita Kitinda, maana ndiye kitindamimba wa mama. Mama alifariki yeye akiwa bado mtoto wa kuvalishwa viatu, nikamlea mimi. Alikuja kuwa fundi simu, mwenye vidole vyembamba vinavyoshika skrubu ambazo mimi hata kuziona sizioni. Vidole hivyohivyo ndivyo vilivyompa Mjomba alichokitafuta maisha yake yote. Mjomba alikuwa ametunga wimbo mmoja wa kujaza upande mzima wa santuri, kipande kwa kipande, mwaka baada ya mwaka, na hakuna mpiga kinanda mwingine mjini ambaye angeuweza. Jumamosi iliyokuwa inakuja tulikuwa tunakwenda kuurekodi.

Nami nilikuwa nimekula njama ya kumtoa Kitinda humo. Nilimtafutia nafasi kwenye bendi ya dansi ya hotelini, kazi ya kudumu, mahali ambapo ukikosea noti watu wanaendelea kucheza. Alikuwa amekwenda kujaribiwa jioni kadhaa, wakampenda. Tulikubaliana kwamba aurekodi kwanza wimbo wa Mjomba, kisha aage kwa heshima. Nilitaka kitu kimoja tu, atoke na vidole vyake vyote. Mjomba alikuwa anazidi. Juzijuzi alikuwa amemkaba Fundi koo mpaka macho yakamtoka, kisa noti moja.

Mazoezi tulikuwa tunafanyia kwenye stoo ya unga, nyuma ya duka la mikate lililofungwa. Ukutani tulikuwa tumebandika trei za mayai na magodoro yaliyochakaa ili majirani wasituitie polisi. Mlango ukishafungwa, hata uchinjwe mle ndani hakuna wa kukusikia. Kinanda kilikaa katikati, zee la umeme lililokuwa la kanisa fulani, na mfuniko wake ulikuwa wa mbao ngumu. Kuuinua tu kulitaka mtu aliyeshiba.

Jumapili ya kabla ya kurekodi, mchana, joto lilikuwa kali, sote tumelowa jasho. Tukafika kwenye sehemu ya saba. Nyimbo nyingi duniani hutembea kwa mapigo manne, kama mtu mwenye afya yake. Sehemu ile ilitembea kwa mapigo saba. Ukizubaa ukaongeza la nane, wenzako wameshakuacha. Tulikuwa tunaipiga vizuri, au mimi nilidhani hivyo, mara Mjomba akaacha. Sisi wengine tukaacha.

"Kitinda," alisema taratibu. "Vua viatu."

"Mjomba?"

"Vua. Na soksi."

Kitinda akavua. Mjomba akatoka nyuma ya dramu zake, akachuchumaa kando ya kinanda, akautazama mguu wa kulia wa mdogo wangu kama fundi bomba anayetafuta panapovuja.

"Piga tena. Peke yako."

Akapiga. Vidole vilikwenda saba, safi kabisa. Lakini mguu ulikuwa unagonga sakafu nne, nne, nne, kwa raha zake, kama mguu wa mtu aliye harusini. Mwenyewe hakuwa na habari.

"Mguu huu umetoka wapi?" Mjomba akauliza.

"Nimechoka tu, Mjomba."

"Uchovu haupigi nne. Mguu huu umelala nje."

Wazee wengine humkamata kijana wao kwa harufu ya pombe. Mjomba alimkamata wa kwake kwa unyayo. Nikaona bora niuchukue mzigo mimi.

"Mjomba, ni mimi. Nimemtafutia kazi mimi."

"Sijakuuliza." Hata hakunigeukia. "Naongea na mguu."

Fundi akacheka, maskini, akidhani ni utani. Alicheka peke yake.

Kitinda akapiga moyo konde. "Ni dansi, Mjomba. Watu wanataka kucheza, kuna ubaya gani? Hata hawa wa sasa, ninaowasikiliza kwenye simu, wanachanganya kila kitu. Na hao wako wa zamani je? Genesis si walikuja kupiga nyimbo fupi? Dunia nzima ikacheza."

Hapo alitonesha kidonda. Santuri za Genesis za miaka hiyo hazikuwahi kuvuka kizingiti cha Mjomba. Alizitaja kama watu wanavyomtaja ndugu aliyeuza shamba la ukoo.

"Ikacheza," Mjomba alisema. Akasimama. Akaweka mkono juu ya mfuniko wa kinanda, akawa anaupapasa. "Mchelea mwana hulia mwenyewe. Haya, weka mikono. Nionyeshe ile saba mara ya mwisho."

Kitinda akaweka mikono. Kwa Mjomba alikuwa mtiifu tangu utotoni, hata mimi nilikuwa namwonea wivu Mjomba kwa hilo. Mjomba akaubamiza mfuniko.

Mkono wa kushoto uliwahi kutoka. Wa kulia haukuwahi. Mjomba akalala kifudifudi juu ya mbao kwa uzito wake wote, na kinanda kikaanza kulia. Kinanda cha aina ile hakinyamazi maadamu vibao vyake vimebanwa, na vidole vya mdogo wangu vilikuwa vinavibana. Spika ikatoa sauti moja nene isiyokatika, ikajaa stoo nzima, na yeye akipiga mayowe humo ndani.

"Hesabu!" Mjomba alikuwa anamfokea sikioni. "Saba! Hesabu!"

Na Kitinda, Mungu wangu, akahesabu. Moja, mbili, tatu, huku anatapika kifuani pake.

Mori ulinipanda. Niliivua besi begani, nikaikamata shingo kwa mikono miwili, nikamtandika nayo Mjomba mgongoni. Hakuachia. Fundi akamrukia kwa nyuma kumvuta, Mjomba akarudisha kichwa kwa nguvu, kisogo kikampasua Fundi pua, akaangukia dramu na matoazi yakaporomoka juu yake. Nikauona mkono wa Mjomba umenyooka juu ya mfuniko. Siwezi kusema kwamba sikujua nifanyalo. Niliuchagua mkono ule, nikainua besi hadi juu ya kichwa, nikaishusha. Mfupa ukakatika kama ukuni mkavu. Mjomba akateleza hadi sakafuni, na mimi nikamfuata hukohuko chini. Nikampiga mbavuni, akajikunja. Nikampiga tena. Alikuwa ananiomba kwa jina alilokuwa akiniita nikiwa mdogo, nami nikampiga kwa jina hilohilo. Sitadanganya, ilikuwa tamu. Kila kijiti alichowahi kurusha nilikuwa nakirudisha.

Sauti ile nene ilikuwa bado inalia. Fundi alitambaa na pua yake ya damu, akauinua mfuniko, kisha akang'oa plagi ukutani. Stoo ikawa kimya, ndipo nikashusha besi. Shingo ya besi ilikuwa imevunjika, nyuzi zinaning'inia.

Hospitalini muuguzi alitutazama wote wanne, akauliza, "Ajali ya gari?"

"Mazoezi ya muziki," Fundi akajibu kwa pua iliyovimba.

"Muziki gani huo?"

"Wa kusikiliza. Hauchezeki."

Daktari alikikata kidole cha pete cha Kitinda. Cha kati alikiacha, ila akatuambia hakitakunjika tena. Nililia ukumbini bila kujificha, nikamwomba mama msamaha kwa sauti, watu wakanipisha.

Kesho yake asubuhi nilirudi na chupa ya chai, mkate na nguo safi. Njiani nilikuwa nimepanga kila kitu. Tutapitia polisi, Mjomba afungwe. Kisha nitamtafutia Kitinda kazi ya kufundisha watoto kinanda, mkono mmoja unatosha kufundisha. Nilikikuta kitanda chake kitupu. Mgonjwa wa jirani akanionyesha kwa kidevu wodi ya mbele.

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha Mjomba. Mjomba alikuwa na plasta hadi begani na bandeji mbavuni, na Kitinda alikuwa anamlisha mkate kwa mkono wa kushoto, kipande baada ya kipande, anamfuta mdomo. Walikuwa wanaongea chinichini.

"Sehemu ya saba nitaishusha iende mkono wa kushoto," Kitinda alikuwa anasema. "Ya juu aichukue Fundi kwenye gitaa."

"Ishushe," Mjomba akasema. "Itakuwa nzito zaidi. Itapendeza."

Nilisimama nikidhani labda nimekosea wodi.

"Kitinda, vaa twende. Tunapitia polisi."

"Kumshitaki nani, dada?"

"Amekukata kidole!"

"Ameshaniomba radhi. Na mimi ndiye niliyekwenda nje."

Mjomba alikuwa anatazama dari. "Mwambie dada yako," alisema, "besi tutatafuta mtu mwingine."

Nilingoja mdogo wangu acheke, au amtemee mate. Shukrani ya punda ni mateke, lakini nilidhani wa kurusha teke atakuwa mwingine, si huyu niliyembeba mgongoni.

"Afadhali hivyo, dada," Kitinda alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mjomba alipoanguka mfuniko ulibaki juu ya vidole vyangu. Nilikuita. Nilikuita uniinulie, nikakuita mpaka sauti ikakauka. Wewe ulikuwa unampiga tu."

"Nilikuwa nakuokoa!"

"Alikuwa ameshalala chini, dada."

Nikaweka mkate na nguo kitandani, nikanyoosha mkono nimshike bega, nimwinue, nimtoe mahali pale. Akashtuka. Akarudi nyuma mpaka akamwegemea Mjomba, na ule mkono wake wa kushoto, mkono wake mzima, akauficha haraka nyuma ya mgongo, mahali ambapo mimi nisingeufikia. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanatutazama. Nikaurudisha mkono wangu polepole, nikauweka ubavuni, na nilibaki nimesimama hivyo mpaka muuguzi alipokuja kuniuliza kama mimi ni ndugu.