Pole Zimetosha

Fundi cherehani alikuwa amechoshwa na pole. Tangu amzike mumewe, kila mteja aliyeleta suruali ya kupunguzwa alizungumza kwa sauti ya chini, na mashoga zake waliokuwa wakimtania kutwa nzima sasa walimshika kama yai. Nani aliwaambia kwamba mjane hataniwi?

Kwa hiyo kikundi cha maigizo cha mtaa kilipotaka kumpokonya nafasi yake, alikuja juu. Mchezo ulikuwa ule ule wa zamani unaorudiwa kila mwaka: mke anaficha maiti ya mumewe kabatini huku mashemeji wakigombea urithi sebuleni. Mke huyo siku zote ni yeye, na watu hucheka mpaka wakashika mbavu. Mwongozaji, mwalimu mstaafu, alisema safari hii wifi yake fundi amshikie nafasi, maana mjane kuigiza hivyo itakuwa aibu. Fundi akamuuliza aibu ya nani. Marehemu mwenyewe alikuwa akicheka kabla ya watu wote, na vichekesho vyenyewe alivijua kwa moyo. Mwalimu akafyata mkia.

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika. Fundi akafungua kabati, kinyozi aliyeigiza maiti akamwangukia mikononi, naye akatoa lile neno linalowamaliza watu kila mwaka: "Hata ulipokuwa hai, kusimama kulikushinda."

Kimya. Mtu akapenga kamasi. Mama mmoja huko nyuma akasema, "Maskini, mwenzetu."

Hasira zikampanda fundi. Yaani ajifunze maneno yote yale, apakwe poda, halafu waje kumlilia? Kumbe waliishamzika na yeye. Akalirudia neno lile kwa sauti zaidi, kimya kikazidi. Ndipo kinyozi, mtu wa moyo laini, alipofumbua jicho moja na kumnong'oneza, na ukumbi mzima ukasikia:

"Pole sana, dada."

Fundi akamwachia. Kinyozi akaanguka sakafuni kama gunia.

"Hata wewe?" fundi akauliza kwa hasira za kweli. "Wewe si ndiye uliyekufa?"

Ukumbi ukalipuka. Watu waliegemeana, wakapiga viti, mwalimu akajifunika uso kwa pazia. Fundi alisimama mikono kiunoni, angali amewakasirikia, akingoja watulie kama afanyavyo kila mwaka. Akawatazama mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akimwonea huruma.