Kura ya Mawe

Mama Virginie hakuwa mtu wa mikutano. Tangu waasi waishike Butembo, mkutano ulikuwa kazi ya kupiga makofi: mambo yamekwisha kuamuliwa, nawe unaitwa ushangilie. Lakini safari hii Malachie, chef, yaani mkuu wa mtaa wao pale Vulamba, alikuja na mtindo mpya. Salongo, ile kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, ingetengeneza njia moja tu, na wenyeji wenyewe ndio wangeichagua.

"Mudomo inaogopa bunduki," alisema. "Donc, kila mutu alete jiwe moya. Mwenye anataka njia ya madepo, aweke huku. Mwenye anataka mulima, aweke kule. Na ile mawe ndiyo tutajengea."

Virginie aliutaka mlima kwa roho yake yote. Binti yake Rébecca alikuwa na mimba ya mwezi wa mwisho, na kwenda hospitali lazima upite mteremko ule wa matope, ambako mvua iliyopita wabeba kipoyi walianguka pamoja na mzazi waliyembeba. Aliogopa, wala hakuficha.

Tajiri Ézéchias yeye alitaka njia ya madepo yake, maghala ya bidhaa zake. Jiwe moja aliliona dogo kwa mtu wa hadhi yake, akaenda kupakia lori zima mtoni. Tamaa mbele, mauti nyuma. Kutoka mtoni hakuna njia nyingine ila mlima, na katikati ya mlima lori likazama matopeni, mbele ya Virginie na wanawake wenzake waliokuwa wakipanda na mawe yao.

"Bamama, musukumeko basi!" Ézéchias aliita.

"Motoka iko nabeba nini, papa?" Virginie akauliza.

"Mawe tu."

"Kichwa yako moya, mawe lori nzima? Hapana! Shusha kwanza, uweke mu mashimo."

Wanawake walicheka hadi wakashika mbavu. Ézéchias alitukana, akatishia kuita askari, halafu wingu likanguruma, naye akavua viatu. Mawe yakaingia mashimoni, lori likapanda.

Kule juu, mahali pa kura, wapagazi wa madepo yake walikuwa bado wameshika mawe yao, wakingoja kuona bosi ataweka wapi. Ézéchias, matope hadi magotini, akaokota jiwe moja.

"Mulima," alisema. "Nimeikanyaga mimi mwenyewe."

Wapagazi wakamfuata mbio, kelele tupu. Virginie alileta ndoo, akainama, akammwagia maji miguuni.

"Mujukuu yangu akizaliwa, utakuya kumuona," alimwambia. "Njia itakuwa muzuri."