Kabla ya Kufika Masikioni

Daktari yule walimwita Rula, naye alijua na hakuchukia. Mfukoni mwa koti lake jeupe ilikaa rula fupi ya plastiki, na kazi yake ilikuwa kuwapima watoto wanaodhaniwa kupigwa au kutelekezwa nyumbani. Kila alama aliipima kwa milimita, kisha akaichora kwenye fomu yenye picha ya mtoto asiye na uso. Hakuandika "kipigo." Aliandika "wekundu, kumi na mbili kwa nane, bega la kushoto," basi. Waliotaka maneno makali zaidi aliwaambia waende mahakamani, huko yapo ya kumwaga.

Utaratibu wake ulikuwa mmoja: huanzia utosini, humalizia nyayoni, na hakuna neno linalotoka nje ya mlango mpaka fomu ijae. Muuguzi wake, mama mtu mzima aliyemzidi umri na miaka ya kazi, alikuwa akimtania kwamba hata nyanya sokoni huikagua kuanzia kwenye kikonyo.

Asubuhi hiyo aliletwa binti wa miaka minne. Aliletwa na watu wawili wasiosemeshana: mama yake na mwalimu wake wa chekechea. Siku iliyotangulia mtoto alilowa maji shuleni, mwalimu akambadilisha gauni, akaona madoa ya bluu chini ya mgongo. Mwalimu alikuwa mgeni kazini, na wageni kazini hufuata sheria. Aliripoti. Sasa mama alikuwa analia kwenye korido, kilio cha sauti, na watu waliokuwa kwenye foleni ya dawa walisimama kusikiliza kama vile wamelipia.

"Mtoto wangu hajawahi kuguswa!" alisema mama. "Mnataka kuninyang'anya mwanangu kwa sababu ya huyu binti aliyeanza kazi juzi?"

Kwa kweli hilo ndilo lililokuwa likingoja fomu. Ikionyesha mtoto kaumizwa, harudi nyumbani siku hiyo. Isipoonyesha kitu, anakwenda zake.

Rula alifunga mlango, lakini kilio kilipita chini yake. Alikuwa mtu wa milimita, si mtu wa jiwe. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akasema, "Leo tuanze na huo mgongo, tumtulize mama wa watu."

Muuguzi alimwangalia, kisha akamfungua mtoto gauni.

Madoa yalikuwepo, mapana, ya bluu ya kukolea. Rula aliyabonyeza kwa kidole, mtoto akacheka kwa kutekenywa. Hakukuwa na uvimbe wala maumivu. Muuguzi alitoka, akarudi na kadi ya kliniki ambayo mama alikuwa nayo mkobani siku zote na hakuna aliyekuwa amemwomba. Kwenye ukurasa wa kwanza mkunga alikuwa ameandika kwa mwandiko wa haraka: bluu, kiunoni na matakoni, tangu kuzaliwa. Damu iliyovilia hubadilika rangi kila baada ya siku chache. Hii ilikuwa na miaka minne na bado ilikuwa ile ile.

Rula alifurahi, na furaha ikamtoa mlangoni kabla hajaifikiria.

"Mama, ni alama ya kuzaliwa," alisema mbele ya korido nzima. "Watoto wengi wanayo. Futa machozi."

Basi ikawa kama mtu aliyemwaga mtama penye kuku wengi. Foleni ya dawa ilishangilia. Mama alimgeukia mwalimu, akamsomea yote aliyokuwa amemwekea tangu jana: kwamba hajazaa, kwamba hajui, kwamba umbea ndio umempa cheti. Mwalimu aliinamisha kichwa, masikio yanamwaka, ila hakuondoka kwenye benchi. Kisha mama akatoa simu, akampigia mumewe.

"Baba, tumeshinda! Ni alama ya kuzaliwa, daktari kasema mwenyewe. Njoo utuchukue."

Rula alirudi ndani akipiga mluzi. Alichukua kalamu ili ajaze fomu, atie sahihi, amwite mwingine.

"Bado kichwa," alisema muuguzi.

"Naam?"

"Umeanzia katikati, daktari. Kichwa bado."

"Naam, naam. Tumalize."

Alianza utosini, kwa mikono ya mtu ambaye jibu analo tayari. Nywele zilikuwa zimesukwa vizuri, safi, zimepakwa mafuta. Aliukunja mbele upande wa juu wa sikio la kushoto, mluzi ukakata. Nyuma yake kulikuwa na mikwaruzo miwili iliyopinda, ya kucha, na chini yake damu iliyovilia ikiwa imeanza kuwa ya njano. Sikio la kulia nalo lilikuwa na yake, mbichi zaidi. Aliinua mdomo wa juu wa mtoto. Kile kiuzi cha nyama kinachoshika mdomo na ufizi kilikuwa kimewahi kuchanika, kikapona vibaya.

Mtoto akianguka, huumia paji la uso, magoti, viwiko. Nyuma ya masikio haangukii mtu.

"Hapa pamefanyaje, mwanangu?" aliuliza polepole.

"Nilimwaga chai," alisema mtoto, kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya juma.

Rula hakuuliza nani. Kumhoji mtoto kulikuwa na wenyewe waliofunzwa. Alipima, akachora, akapima tena, na alijichukia sana. Si kwa alichokiona, maana alikuwa ameona makubwa kuliko hayo. Alijichukia kwa sababu ya simu ile.

Alimwita mama ndani. Mama aliingia bado anacheka, akamkuta muuguzi amemsogezea kiti.

"Kuna nini tena?"

Rula alimwonyesha sikio moja, halafu la pili. Hakusema neno la kupamba. Mama alitazama muda mrefu. Alinyoosha kidole karibu na ile mikwaruzo bila kuigusa, akakirudisha.

"Nilidhani akinipiga mimi itamtosha," alisema.

Mtoto alikuwa anahesabu vidole vya glavu mpya aliyopewa achezee, na kila mara alikuwa anaruka cha tatu.

"Mtoto atalazwa wodini," alisema Rula. "Afisa wa ustawi wa jamii anakuja. Na wewe unaweza kukaa naye."

Simu ikalia. Mama aliitazama, akajikaza, akapokea kwa sauti laini kama hakuna kilichotokea. "Umefika? Haya, mume wangu. Kidogo tu, daktari anamalizia." Akakata. "Yuko getini. Kwenda huko wodini lazima tupite getini?"

"Kuna njia ya nyuma, ya dobi," alisema muuguzi. "Ila mtoto abebwe, sakafu ina maji, na mimi mgongo ndio huu."

Mama alichungulia koridoni. Mwalimu bado alikuwa pale kwenye benchi. "Mwalimu," aliita. "Njoo unisaidie." Mwalimu alikuja, akamwinua mtoto, na hakudai msamaha wala hakupewa.

Rula alivua glavu. Hakuwa mtu wa kuzungumza na wazazi, na tangu aanze kazi hakuwahi kutoka kwenda kumpokea mtu getini. Sasa aliye getini alikuwa ameitwa na kinywa chake mwenyewe, basi alikwenda.

Alimkuta mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi, mkononi ana chupa ya soda ya mtoto. Alimshika daktari mkono kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo daktari. Umetuokoa na aibu kubwa."

"Marahaba. Mtoto analazwa."

"Kwa alama ya kuzaliwa? Si umesema mwenyewe, watu wote wamesikia?"

"Nilisema. Nilikosea kusema kabla sijamaliza."

Yule baba aliendelea kutabasamu. Aliuliza nani ameamuru, cheo chake ni nini, mke wake amesema nini humo ndani, na wodi iko upande gani. Rula alisimama katikati ya geti na kumsikiliza mpaka mwisho. Katika yote hayo, yule baba hakuuliza mwanawe ana nini.